Nani Anashika Kitufe cha Kasi? Historia Fupi ya Tredimili

Nimekuwa kimya hapa kwa miezi minne, na mmoja wenu ameniandikia kuniuliza kama nimeacha kublogu. La, sijaacha. Nilikuwa nakimbia. Nakimbia bila kwenda popote, ndani ya jimu moja ghorofa ya tatu hapa Nairobi, huku nikitazama ukuta. Kwa hivyo leo sitaandika juu ya hifadhidata wala ile seva iliyotusumbua Januari. Nitaandika juu ya mashine ya kukimbilia, ile ambayo kila mtu jimu huiita tredimili. Kumbe ina historia ya ajabu kuliko tarakilishi.

Kwanza niwaambie imekuwaje. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 54, na ni moyo uliomwondoa. Mimi sasa nina 41, na kazi hii yetu ya kutunga programu, kama mjuavyo, ni kazi ya kukaa. Siku moja lifti ya ofisini iliharibika, nikapanda ngazi, na nilipofika ghorofa ya tano kifua kilikuwa kimekaza hata nikashindwa kumjibu bawabu salamu. Daktari akanituma nikapimwe moyo kwa tredimili. Nikabandikwa nyaya kifuani, nikafungwa kipimo cha shinikizo la damu mkononi, mkanda ukaanza kuzunguka polepole huku umeinuliwa kama kilima. Kila baada ya dakika tatu ukawa mkali zaidi na wa kasi zaidi. Nilidumu dakika 7 na sekunde 20.

Moyo haukuonekana na kasoro. Lakini daktari alinitazama juu ya miwani yake akaniambia kwa upole kwamba mwanamume wa umri wangu alitarajiwa kuendelea mbele zaidi ya hapo. Nilipokuwa navaa shati nikamwuliza mtaalamu wa mashine ni nani aliyebuni kipimo hicho, na kwa nini dakika tatu wala si mbili. Hakujua. Sasa mtu wa programu ukimwachia swali la namna hiyo halali usingizi.

Nilianza kuchimba nikitarajia kuanzia hospitalini. Nikajikuta gerezani.

Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya wafungwa. Cubitt alikuwa mtoto wa msaga nafaka, na vinu vilikuwa damuni mwake. Mwaka 1807 alikuwa amepata hataza ya mapanga ya kinu cha upepo yanayojirekebisha yenyewe upepo ukizidi, bila mtu kupanda kuyakunja. (Baadaye alisimamia ujenzi wa lile jumba la vioo la maonyesho ya London ya 1851, na akapewa cheo cha Sir kwa kazi hiyo. Hakuwa mtu mdogo.) Katika gereza la Bury St Edmunds wafungwa walikuwa wanakaa bure, na mahakimu walitaka wapewe kazi. Yeye akafikiri kama mtoto wa kinu: akachukua gurudumu, ila badala ya maji au upepo akaweka miguu ya watu.

Lichore akilini mwako. Pipa refu lililolala, lenye vipandio kuuzunguka mzingo wake wote. Wafungwa wanasimama bega kwa bega wakishika upau wa mbao, na kila mmoja anapanda kipandio kinachomjia. Uzito wao unakishusha, kinachofuata kinakuja, wanapanda tena. Wanapanda ngazi isiyo na ghorofa ya mwisho. Mwaka 1821 likawekwa katika gereza la Brixton, London, na kutoka hapo likaenea Uingereza nzima na kuvuka bahari. Kisiwa cha Jamaika kililitumia kuwaadhibu watu waliokuwa wametoka tu utumwani katika miaka ya 1830, na hiyo ni sehemu ya historia hii isiyochekesha hata kidogo. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kupandisha maji. Mahali pengine halikusaga chochote ila upepo.

Mwaka 1824 bwana mmoja aitwaye James Hardie aliandika kitabu kuhusu gurudumu lililokuwa New York, na ndani yake alieleza jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani kila nipandapo mkanda: kwamba kitisho chake hakikutokana na ugumu wa kazi, bali na ule mwendo wa namna moja usiobadilika. Wenzangu wa programu mtaitambua hiyo mara moja. Ni lupu isiyo na mwisho. Mfungwa hawezi kupunguza mwendo, kwa sababu kipandio kinakuja kwa wakati wake, si kwa wakati wa mfungwa. Akichelewa anagonga muundi. Mwandishi Oscar Wilde alipohukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu mwaka 1895, naye alipandishwa gurudumu hilo kule Pentonville. Sheria ya magereza ya 1898 ndiyo iliyoanza kulifukuza huko Uingereza.

Sasa angalia kitu kimoja. Ule mwendo usiobadilika, ambao mwili hauwezi kujadiliana nao, ndio hasa anaoutafuta mwanasayansi anapotaka kupima mwili. Ukimwambia mtu akimbie uwanjani kwa kasi ileile kwa dakika kumi, hatakimbia kwa kasi ileile. Ataanza na moto, atapoa, ataona watu wanamtazama, atachangamka tena. Huwezi kupata takwimu safi hapo. Lakini ukimweka juu ya mkanda unaoendeshwa na mota, kasi inakuwa yako wewe mpimaji. Kitufe unakishika wewe. Maabara ya uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyofanya kazi kuanzia 1927 hadi 1947, ilikuwa na tredimili, na wakimbiaji walipandishwa juu yake kupimwa damu na pumzi.

Hospitali zilikawia. Kipimo cha moyo kilichojulikana kuanzia 1929 kilikuwa cha daktari Arthur Master: mgonjwa anapanda na kushuka vidaraja viwili tena na tena, kisha anapimwa. Ndipo huko Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, daktari Robert Bruce akashirikiana na mhandisi Wayne Quinton, na mwaka 1952 wakatoa tredimili ya hospitali. Mwaka 1963 Bruce akachapisha utaratibu wake wa hatua: hatua ya kwanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, ya pili kilomita 4 kwa saa kwenye asilimia 12, ya tatu kilomita 5.5 kwa asilimia 14, na kuendelea, kila hatua dakika 3. Ndio huohuo nilioufanya mimi zaidi ya nusu karne baadaye. Nilikata pumzi katikati ya hatua ya tatu. Ajabu ya programu nzuri ni kwamba hakuna anayeigusa tena ikishafanya kazi.

Lakini mimi sikutaka tu kupimwa. Nilitaka kuwa na kasi. Na hapa historia inanipeleka Oxford.

Roger Bannister wengi wetu tunamjua kwa jambo moja: tarehe 6 Mei 1954, uwanja wa Iffley Road, maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Kisichosimuliwa sana ni kwamba wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa anafanya utafiti wa pumzi kwa tredimili. Pamoja na mwenzake Dan Cunningham aliwakimbiza watu, yeye mwenyewe akiwemo, juu ya mkanda ulioinuliwa hadi wakashindwa, huku wakivuta hewa iliyoongezwa oksijeni. Kasi haikubadilika, kilichobadilishwa ni hewa tu. Waliovuta hewa yenye oksijeni asilimia 66 walidumu muda mrefu zaidi kwa mbali.

Tazama sasa mbio zenyewe za siku ile. Mizunguko minne: sekunde 57.5, 60.7, 62.3, 58.9. Aliyeongoza mwanzo ni Chris Brasher, kisha Chris Chataway, na Bannister akakaa nyuma yao. Kwa maneno mengine, kwa mizunguko mitatu na zaidi hakuwa anashika kitufe cha kasi yeye. Alikuwa amewakabidhi wenzake wawili. Waama, walikuwa tredimili yake ya nyama na mifupa, na walimkinga upepo juu ya hapo.

Kutoka maabara hadi sebuleni kuna mtu mmoja wa kumshukuru au kumlaumu. Mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper wa Marekani alitoa kitabu chake kuhusu mazoezi ya pumzi, akihimiza watu wa kawaida wakimbie. Mhandisi William Staub wa New Jersey akakisoma, akajiuliza: wakati wa theluji watu watakimbilia wapi? Akatengeneza mashine ya nyumbani, ya bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria, akaiita PaceMaster 600. Staub alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 96, kwa hivyo inaonekana naye alikula alichokipika.

Na hapo ndipo tredimili ilipoanza kuzalisha kasi ya kweli, si takwimu tu. Ingrid Kristiansen wa Norwe alikabiliwa na barafu nusu mwaka, na akafanya mazoezi mengi ya majira ya baridi juu ya mkanda. Mwaka 1985 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:21:06, rekodi ya dunia, na mwaka uliofuata akaweka nyingine za mita 5,000 na 10,000. Rekodi zote tatu kwa mpigo mmoja! Miaka mingi baadaye, Februari 2000, daktari mmoja wa Anchorage, Alaska, Christine Clark, mama wa watoto wawili, alikwenda kwenye mbio za kuchagua timu ya Olimpiki ya Marekani huko Columbia, South Carolina. Hakuwa miongoni mwa waliotajwatajwa. Siku ikawa ya joto, wenye majina wakayeyuka, yeye aliyekuwa amezoea kukimbia ndani ya nyumba yenye joto akashinda kwa saa 2:33:31. Huko Sydney alikuwa mwanamke pekee wa Marekani katika marathoni, akamaliza wa 19 kwa saa 2:31:35.

Nijuavyo, kuna msomaji ameshaanza kuandika: "Lakini tredimili ni rahisi, mkanda unakuvutia miguu nyuma!" Nami niliamini hivyo. Si kweli. Mwaka 1980 Mholanzi Gerrit Jan van Ingen Schenau alionyesha kwa hesabu za fizikia kwamba mkanda ukiwa na kasi isiyoyumba, hakuna tofauti kati ya wewe kupita juu ya ardhi na ardhi kupita chini yako. Ni kama kutembea ndani ya behewa la SGR: miguu haijui kama treni inakwenda Mombasa au imesimama. (Huyu bwana ndiye huyohuyo aliyechangia kubuni vile viatu vya kuteleza vyenye bawaba mbele, vilivyovunja rekodi Nagano mwaka 1998. Wahandisi wa namna hii nawahusudu.)

Tofauti ya kweli ni hewa. Juu ya mkanda husukumi upepo. Griffith Pugh, mtaalamu aliyekuwa na msafara ulioshinda Everest mwaka 1953, alikadiria mwaka 1970 kwamba kwa kasi ya kilomita 21.5 kwa saa, kusukuma hewa kunaweza kula asilimia 8 ya nguvu zote za mkimbiaji. Mwaka uliofuata akaonyesha kuwa kukaa mita moja nyuma ya mwenzako kunaokoa sehemu kubwa ya hiyo. Mwaka 1996 Waingereza Andrew Jones na Jonathan Doust wakaipima kwa wakimbiaji tisa, na jibu likawa dogo la kushangaza: inua mkanda asilimia 1 tu, na gharama inalingana na ya barabarani. Hiyo ni kwa kasi ya kati ya kilomita 10.5 na 18 kwa saa. Mimi niliyeanza na 10 sikuhitaji hata hiyo asilimia moja. Niliiweka hata hivyo, kwa majivuno tu.

Jones huyo ndiye aliyempima Paula Radcliffe tangu akiwa msichana mwaka 1992 hadi 2003, mwaka aliokimbia London kwa 2:15:25. Uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni ulibaki palepale, karibu mililita 70 kwa kila kilo kwa dakika. Kilichobadilika ni ulaji wa mafuta: kwa kasi ya kilomita 16 kwa saa alishuka kutoka mililita 205 kwa kila kilo kwa kilomita moja hadi 175. Matatu ileile, injini ileile, lakini sasa inafika Thika kwa petroli kidogo. Msweden Bengt Saltin alipokuja Kenya mwaka 1990 na wakimbiaji wa Skandinavia kuwalinganisha na wetu, naye aligundua kwamba wakimbiaji wetu bora hawakutofautiana sana nao kwa ukubwa wa injini. Walitumia kidogo kukimbia kasi ileile.

Basi, nikarudi jimu na elimu yangu yote. Jumanne: marudio sita ya dakika tatu kwa kilomita 10 kwa saa, nikipumzika dakika mbili kwa kutembea. Alhamisi: dakika ishirini mfululizo kwa 8.5. Kila wiki mbili naongeza 0.2. Kabla ya kuanza nilikuwa nimejipima msitu wa Karura, kilomita 5 kwa dakika 34 na sekunde 10. Baada ya wiki nane marudio yangu yalikuwa yamefika 10.6, nikajiona Kipchoge, nikarudi Karura.

Kilomita ya kwanza niliikimbia kwa 5:05. Ya tatu nilikuwa natembea mikono kiunoni, watoto wa baiskeli wakinipita. Nilimaliza kwa 33:40. Wiki nane za jasho, sekunde thelathini!

Nilikaa kwenye gogo nikafikiri, na nadhani nilikosea mahali palepale ambapo nimekuwa nikipaelekezea tangu mwanzo wa makala hii. Mkanda haukuwa umenifundisha kasi. Ulikuwa umeninyang'anya uamuzi wa kupunguza, jambo ambalo ni zuri, maana mwili wangu hupunguza mapema mno ukiachiwa. Lakini ulikuwa umeninyang'anya pia uamuzi wa kutokwenda mbio mno. Kristiansen na Clark walikuwa na miaka mingi ya barabara miguuni kabla ya kuingia ndani. Bannister alikuwa na Brasher na Chataway. Hata Eliud Kipchoge, tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna alipokimbia 1:59:40, alikuwa na gari mbele likichora mistari ya leza barabarani na kundi la wasindikizaji wakimkinga upepo. Lakini huyo ni mtu ambaye barabara za udongo za Kaptagat zilishamweka saa ndani ya kifua. Mimi nilikuwa na kitufe tu, na Karura hakuna kitufe.

Kwa wiki nane zilizofuata nilifanya badiliko moja. Nilifunika kioo cha mashine kwa taulo. Naongeza kasi kwa kubahatisha hadi nihisi ni yenyewe, nakimbia dakika tatu, kisha nafunua kuona. Mwanzoni nilikuwa nakosea kwa kilomita nzima. Mwishoni nilikosea kwa 0.1 au 0.2. Na kila Jumamosi nikakimbia nje, polepole, nikitaja kwa sauti muda wa kila kilomita kabla ya kuangalia saa. Mke wangu alinisindikiza mara moja, akasema hatakuja tena na mtu anayeongea peke yake msituni.

Karura, wiki ya kumi na sita: 5:49, 5:47, 5:50, 5:48, 5:38. Jumla 28:52.

Juzi nilirudi hospitali kwa kipimo kilekile cha Bruce. Mtaalamu alikuwa yuleyule. Nilimsimulia habari za Cubitt na gereza la Brixton huku akinibandika nyaya, akacheka, kisha nikamwomba aniruhusu nibonyeze kitufe mwenyewe. Akakataa katakata. Dakika 11 na sekunde 5.

Ile seva ya Januari, nitaiandika wiki ijayo.